Tuyatazame madaftari kabla ya kumchagulia mtoto hisabati

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie uamuzi unaowakabili wazazi wengi wa Nairobi wenye watoto katika sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, nao ni kama mtoto aelekezwe kwenye hisabati kamili inayofundishwa katika mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ambao wengi wetu tunauita STEM, au achukue hisabati nyepesi ya mikondo miwili iliyobaki, yaani ule wa sayansi za jamii na ule wa sanaa na michezo. Nilifundisha hisabati kabla ya kustaafu, na tangu kundi la kwanza la mtaala mpya wa umilisi, uliochukua nafasi ya ule wa 8-4-4, liingie Gredi ya 10 Januari 2026, majirani na jamaa hawaachi kuniuliza swali hilo. Jibu ninalowapa huwa haliwapendezi sana, kwa sababu linawataka waketi na madaftari ya mtoto kabla ya kuketi na orodha ya shule.

Ni vyema kukumbuka kwamba uchaguzi huu ulikaribia kutupita kabisa. Katika mpango wa awali, hisabati haikuwa miongoni mwa masomo ya lazima kwa kila mwanafunzi wa sekondari pevu, yaani Gredi ya 10 hadi ya 12, na ni malalamiko ya wazazi, walimu na wasomi yaliyomfanya Waziri wa Elimu, Julius Ogamba, kutangaza Aprili 2025 kwamba somo hilo litafundishwa katika mikondo yote mitatu, walio katika STEM wakisoma hisabati kamili na wengine wakisoma ile iliyopunguzwa. Wengi walishangilia wakidhani mambo yamekwisha. Kwa maoni yangu, tangazo lile liliuhamisha mzigo tu. Swali halikuwa tena kama mtoto atasoma hisabati bali atasoma ipi, na waliotakiwa kulijibu ni watoto wa miaka kumi na minne au kumi na mitano pamoja na wazazi wao, ambao katika kundi la kwanza walichagua shule na mikondo katikati ya mwaka wa Gredi ya 9, miezi kadhaa kabla ya KJSEA, mtihani wa kumaliza sekondari msingi, kufanywa.

Hapo ndipo wazazi wengi hukimbilia alama. Mtoto amepata nini katika mtihani wa muhula uliopita? Akiwa amevuka matarajio anaambiwa ni wa STEM, na akiwa anakaribia tu matarajio anaambiwa hesabu si zake. Siwalaumu, kwa maana alama ndiyo kitu pekee wanachopewa na shule. Lakini hebu tuangalie matokeo ya KJSEA yenyewe yanavyoundwa. Asilimia 60 hutokana na mtihani wa Gredi ya 9, asilimia 20 hutokana na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8, na asilimia 20 nyingine hutokana na KPSEA, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ambao mtoto aliufanya akiwa Gredi ya 6. Yote hayo huchanganywa yakawa kiwango kimoja kati ya viwango vinane. Mtoto aliyekuwa dhaifu katika Gredi ya 6 akajikokota hadi akaimarika, na mwenzake aliyeanza kwa kishindo kisha akalegea, wanaweza kukutana kwenye kiwango kilekile, ilhali mmoja anapanda na mwingine anashuka. Mwalimu yeyote angewashauri watoto hao wawili kwa namna tofauti, lakini karatasi ya matokeo inawafanya wafanane.

Ndiyo maana nasema madaftari. Mzazi hahitaji kuwa mjuzi wa hisabati ili ayasome, mradi ajue pa kutazama. Kwanza atafute sehemu, yaani zile hesabu za nusu na robo na theluthi. Mtoto wa Gredi ya 8 au ya 9 anayeandika kwamba 1/2 ukijumlisha na 1/3 unapata 2/5, amejumlisha tarakimu za juu na za chini bila kujiuliza imekuwaje nusu ikaongezewa kitu kisha ikapungua. Pili atafute alama ya kutoa mbele ya mabano. Mtoto anayeandika kwamba 10 − (x − 4) ni 6 − x, badala ya 14 − x, ana kasoro ndogo ambayo ikiachwa itaharibu karibu kila mlinganyo atakaokutana nao baadaye. Tatu atazame herufi. Ukiona 3a + 2b imefanywa kuwa 5ab, ujue mtoto bado hajakubali kwamba herufi inasimama mahali pa namba, na aljebra yote kwake ni mchezo wa kupanga alama.

Makosa hayo matatu nayataja kwa makusudi, kwa sababu kila moja linarekebishika likishughulikiwa kwa utaratibu na mtu anayejua anachofanya, na kwa sababu hisabati kamili ya Gredi ya 10, pamoja na milinganyo yake ya kipeo cha pili, imejengwa juu ya mambo hayo yanayokosewa. Mtoto aliye na makosa hayo mwanzoni mwa Gredi ya 9 ana muda wa kutosha. Aliye nayo siku anaporipoti katika sekondari pevu atateseka, na mateso hayo yataitwa uvivu.

Kuna kosa la aina nyingine ambalo linanihangaisha zaidi, nalo halionekani kwa kutazama alama nyekundu. Katika Gredi ya 9 watoto hufundishwa uwiano na kasi ya kazi. Tuseme wafanyakazi 6 wanamaliza kazi kwa siku 10, wafanyakazi 4 wataimaliza kwa siku ngapi? Jibu ni siku 15. Mtoto anayefuata kanuni kwa kukariri huenda akaizidisha vibaya akapata siku 6 na kitu, akapigia mstari, akaenda kwenye swali linalofuata. Kosa la hesabu si neno. Hata sisi walimu hukosea ubaoni. Ninachotaka mzazi akiulize ni hiki: mtoto akionyeshwa jibu lake, anashtuka? Je, anaona mwenyewe kwamba watu wachache hawawezi kumaliza mapema kuliko watu wengi? Anayeshtuka na kurudi kulitafuta kosa ana kichwa cha hisabati hata kama alama zake ni za wastani. Asiyeshtuka, hata kama amepata alama za juu kwa kukariri hatua, anahitaji kurudishwa nyuma kidogo kabla ya kusukumwa mbele. Jaribio hili halihitaji karatasi rasmi wala ada, na linaweza kufanywa mezani baada ya chakula cha jioni, mradi mzazi asiligeuze kuwa mahakama.

Mzazi atazame pia kama tatizo ni hesabu au ni lugha. Somo hili hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, na nimeona watoto wanaopiga hesabu za chenji kwenye kibanda cha mama zao bila kukosea hata shilingi, lakini wanashindwa na swali la mafumbo kwa kuwa hawakuelewa sentensi. Mtoto kama huyo ukimsomea swali lilelile kwa Kiswahili analijibu papo hapo. Kumwondoa katika hisabati kamili kwa sababu ya Kiingereza ni kumtibu mguu anayeumwa jino.

Tukiyapata mapengo, tujiulize pia yalitoka wapi kabla ya kusema mtoto hana kipaji. Wanafunzi walio Gredi ya 9 mwaka huu wa 2026 walikuwa Gredi ya 3 shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya Corona, na wao hawakurudi darasani hadi Januari 2021, tofauti na kaka na dada zao wa Gredi ya 4 walioitwa Oktoba 2020. Baada ya hapo mihula ilifupishwa ili kalenda irudi mahali pake. Kisha wakaingia sekondari msingi wakati walimu walikuwa wachache, na mwalimu aliyesomea masomo mawili chuoni akajikuta amepangiwa masomo ambayo hajawahi kuyafundisha. Katika mwaka wa 2024, wakiwa Gredi ya 7, walimu wengi wanagenzi, yaani walioajiriwa kwa mkataba wa mafunzo ya kazi, waligoma kwa wiki kadhaa. Mtoto aliyepitia yote hayo na bado hajui sehemu vizuri huenda hakufundishwa. Hilo ni jambo tofauti kabisa na kutoweza, na mzazi anayeyachanganya atafunga mlango ambao ungefunguka kwa miezi michache ya mazoezi yaliyopangwa vyema. Sisemi tuisheni ya likizo, ambayo Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaikataza. Nasema nusu saa ya jioni, siku chache kwa wiki, juu ya kosa moja linalojulikana.

Suala la nani asome aljebra, na lini, si letu peke yetu. Nchini Marekani limebishaniwa kwa miongo, na mtu aliyelitilia uzito zaidi alikuwa mwalimu katika ukanda huu wetu. Robert Moses, aliyekuwa mstari wa mbele kuwasajili Wamarekani weusi wa Mississippi kama wapiga kura miaka ya 1960, alihamia Tanzania mwaka wa 1969 akafundisha hisabati hadi 1976. Aliporudi kwao, aligundua kwamba shule ya binti yake, aliyekuwa katika darasa la nane, haikufundisha aljebra, akaomba nafasi akamfundisha yeye na wenzake wachache darasani humo. Kutokana na kazi hiyo alianzisha mradi wa kuwafundisha aljebra watoto ambao shule ziliwaona hawaiwezi. Hoja yake ilikuwa kwamba katika uchumi wa siku hizi mtoto asiyejua aljebra amenyimwa uraia kamili, kama vile wazazi wake walivyonyimwa kura. Jambo ninalolipenda katika kazi yake ni kwamba hakuwapa watoto hao kitu chepesi. Aliwapa kitu kilekile, kwa njia waliyoweza kuipita.

Lakini wapo waliojaribu njia iliyo kinyume. Jiji la San Francisco liliamua mwaka wa 2014 kwamba hakuna mwanafunzi wa shule zake za umma atakayesoma aljebra kabla ya darasa la tisa, ili wote waende pamoja bila kugawanywa mapema kuwa wenye akili na wasio na akili. Nia ilikuwa njema. Wazazi wenye pesa wakawalipia watoto wao masomo ya nje, wasio na pesa wakasubiri, na mwaka wa 2024 wapiga kura wa jiji hilo wakaunga mkono kwa wingi mkubwa kurudishwa kwa aljebra katika darasa la nane. Nairobi hatuhitaji kuambiwa mara mbili kuhusu jambo hilo. Shule ya umma ya Eastlands ikikosa mwalimu wa hisabati kamili, mtoto wa tajiri hatakosa, atafundishwa nyumbani.

Hata hivyo sitaki nieleweke kwamba kila mtoto asukumwe STEM. Serikali ilisema inalenga asilimia 60 ya wanafunzi wauchukue mkondo huo, na naona baadhi ya shule zimeanza kulitumia lengo la taifa kama amri kwa kila mtoto mmoja mmoja, jambo ambalo si sawa. Hisabati nyepesi, ikifundishwa kwa dhati, ni elimu yenye heshima. Mkenya mwenye mshahara wa shilingi 40,000 hukatwa asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii, yaani shilingi 1,100, na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, yaani shilingi 600, kabla hajafika kwenye mambo mengine, na ni wafanyakazi wangapi wanaoweza kuikagua hati yao ya mshahara na kusema imekosewa? Ni wangapi wanaoweza kulinganisha mkopo wa chama cha ushirika unaotozwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka juu ya salio linalopungua, na mkopo wa simu unaotozwa asilimia 10 kwa mwezi? Mtoto anayetoka shuleni akiyajua hayo barabara amefundishwa hisabati ya maana kuliko aliyekaa miaka mitatu nyuma ya darasa akinakili michoro ya vekta asiyoielewa.

Hofu yangu ni ya historia. Chini ya mfumo wa 8-4-4 tulikuwa na mitihani miwili ya hisabati katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na ule wa pili, uliokusudiwa kuwa mwepesi, ulifundishwa katika shule chache mno. Wakuu wa shule waliuona kama doa, wazazi hawakujua kwamba upo, na mamia kwa maelfu ya watoto wakaendelea kukaa mtihani mmoja mgumu na kuuanguka mwaka baada ya mwaka. Tukiidharau hisabati nyepesi ya sasa kama tulivyoidharau ile, tutapata matokeo yaleyale, isipokuwa safari hii hatari ni mbili: wapo watakaolazimishwa kuchukua kamili kwa aibu, na wapo watakaotupwa katika nyepesi kwa sababu darasa la STEM la shule yao limejaa au halina mwalimu.

Nigusie kidogo dhana mbili za mtaani. Ya kwanza ni kwamba mtoto anayependa biashara hahitaji hesabu nzito, kwa kuwa somo la biashara limewekwa katika mkondo wa sayansi za jamii. Anayetaka kuendesha duka pengine hahitaji. Anayetaka kusomea uchumi au hesabu za bima chuo kikuu atakutana na kalkulasi na takwimu mwaka wa kwanza, na hapo hakuna atakayemuuliza alipitia mkondo gani. Dhana ya pili ni ile ya wasichana, ambayo sitaipotezea wino. Baba anayemwambia bintiye mwenye madaftari safi kwamba STEM ni ya wavulana anajua mwenyewe anachofanya.

Sasa nisemeje kwa mzazi ambaye ameyatazama madaftari na bado hana uhakika? Msimamo wangu ni kwamba penye shaka ya kweli, mtoto aanzie hisabati kamili. Sababu yake si heshima ya jina la mkondo. Ni kwamba anayeanza na kamili kisha ikamshinda anaweza kushuka bila kupoteza mengi, kwa maana mengi ya yale mepesi atakuwa ameyapitia, lakini anayeanza na nyepesi akataka kupanda baada ya mwaka atakuta wenzake wamefika mbali, na hata sheria zikimruhusu kuhama, mwalimu mwenye darasa kubwa hatapata nafasi ya kumrudishia mwaka mzima. Penye shaka ya kweli, nimesema. Mtoto ambaye sehemu, mabano na herufi zote zinamshinda, na ambaye hashtuki akipata jibu lisilowezekana, na ambaye mwenyewe anasema wazi kwamba moyo wake uko kwenye muziki au historia, huyo hana shaka yoyote, na kumpeleka STEM ni kumwadhibu kwa kosa la walimu na wazazi wake. Sauti yake isikizwe. Lakini isikizwe baada ya mapengo kutajwa, kwa sababu mtoto anaposema hapendi hesabu mara nyingi anamaanisha amechoka kufeli.

Wizara ya Elimu na KNEC, yaani Baraza la Mitihani la Kenya, wanaweza kuurahisisha uamuzi huu bila gharama kubwa. Mtaala wenyewe umeigawa hisabati ya sekondari msingi katika mada kuu tano, yaani namba, aljebra, vipimo, jiometri, na takwimu na uwezekano, na walimu tayari wanatakiwa kuwatathmini watoto kwa kila mada. Kinachomfikia mzazi, hata hivyo, ni kiwango kimoja cha somo zima. Naomba kila shule iamriwe kumpa mzazi, kufikia mwisho wa muhula wa kwanza wa Gredi ya 9, karatasi moja inayoonyesha mtoto alipo katika kila mojawapo ya mada hizo tano, pamoja na sentensi mbili za mwalimu wa hisabati mwenyewe, si za mwalimu wa darasa, zikieleza ni wapi mtoto anakosea na kama anaendelea kuimarika au anashuka. Naomba pia mwanafunzi wa Gredi ya 10 apewe hadi mwisho wa muhula wa pili kuhama kutoka hisabati moja hadi nyingine bila kulazimika kubadilisha shule, na shule isiyo na mwalimu wa hisabati kamili iseme hivyo hadharani kabla wazazi hawajaichagua, ili mtoto wa Kayole asije akagundua Februari kwamba mkondo aliopewa uliamuliwa na upungufu wa walimu.

Mwalimu mstaafu,
Umoja, Nairobi